Darubini Niliyoichemsha

Gambuti za kwanza nilizojinunulia mwenyewe za chumba cha upasuaji nilizipata Masese, ufukoni pale Jinja, kwa mama mmoja muuza samaki, na aliniuzia akiwa bado amezivaa. Nililoweka zile gambuti kwenye Jik siku mbili, nikazianika juani, nikazisugua kwa majani ya limao. Wapi! Siku ya kwanza nilipoingia nazo thieta, Dokta Lubega aliinua pua, akaniuliza kama leo tunapasua mtu au mputa, yaani sangara.

Msicheke sana, wanangu. Nyinyi mnaoanza unesi wa thieta sasa mnakuta vyombo vimepangwa kwenye trei, kila kimoja na karatasi yake ya maelezo, mnadhani vilizaliwa hapo. Sisi tulivijua kwa kuviharibu. Mimi naitwa Akello, nimestaafu, magoti yananiuma, na Kiswahili changu ni cha kota za askari magereza, maana baba alikuwa mmoja wao. Nimekisugua kidogo hapa ili mkisome bila kuona aibu. Nataka kuwasimulia habari za mawe ya figo, na hasa habari ya kosa langu moja ambalo karibu limuue mtu. Nimelisimulia mara nyingi kuliko sifa zangu zote, na sababu mtaiona.

Jiwe la figo la kawaida ni punje tu. Mtu analia usiku kucha, asubuhi anakojoa, limetoka. Ninalolisema mimi ni lile lililoota matawi mpaka likajaza figo nzima, mfano wa kipande cha tangawizi. Zamani tulilitoa kwa kumkata mtu ubavu wote, kisha figo yenyewe inapasuliwa, damu inamwagika, na mgonjwa analala wodini mpaka anazoea uji wetu. Halafu miaka ile ya tisini akaja Dokta Lubega, Mganda mpole aliyekuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo. Alikuwa anatutembelea upande huu wa mashariki mwa Uganda mara chache kwa mwaka, siku tano tano, na masanduku yake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mgonjwa analazwa kifudifudi. Dokta anachoma sindano ndefu mgongoni huku akitazama eksirei, mpaka inafika ndani ya figo. Ndani ya sindano anapitisha waya. Juu ya waya anapitisha mrija mwembamba wa chuma, juu ya huo mwingine mnene kidogo, na mwingine, inavaana kama vipande vya erio ya redio, mpaka tundu linatosha kidole. Hapo ndipo inapoingia darubini, nyembamba kama kalamu, ina taa yake. Anaweka jicho, analiona jiwe, anapitisha fimbo inayosukumwa na mtungi wa hewa, nayo inaligonga ta-ta-ta-ta mpaka linavunjika. Vipande vinatolewa kimoja kimoja kwa koleo refu. Muda wote huo maji ya chumvi yanaingia na kutoka, yanamwagika sakafuni, ndiyo maana ya gambuti.

Kazi ya nesi ni nini hapo? Kwanza ni waya. Waya ndiyo barabara. Ukichomoka, mmepotea wote, na mgonjwa anavuja damu mkitafuta njia. Ukipewa uushike, ushike. Niliwahi kupiga chafya tatu nimeushika, pua ikanitiririka mpaka kidevuni ndani ya barakoa, na waya haukusogea hata unywele. Pili ni maji. Yawe na joto la mwili, la sivyo mgonjwa anaanza kutetemeka mezani kama aliyenyeshewa. Msiyapime kwa kiganja. Viganja vya manesi vimekufa zamani. Pimeni kwa ndani ya mkono, hapa karibu na kiwiko, kama mnavyopima maji ya kumwogeshea mtoto.

Tulipoanza, watu hawakuamini kabisa kwamba hiyo ni operesheni. Nilikuwa bado Mbale wakati huo. Tulimtoa jiwe Mzee mmoja wa Malukhu, tumwite Masaba, na siku ya tatu ndugu zake wakaja wodini kumwona. Wakafunua bandeji. Wakaona kidonda cha upana wa kidole. Wakatazamana.

"Sista," Mzee Masaba akaniambia kwa uchungu, "mimi nilisimama mbele ya kisu mbele ya watu yote, jicho hapana pepesa. Sasa hii? Hii nitaonyesha nani? Watasema mulinichoma sindano ya malaria."

Kwa Mgisu, mnajua, kisu cha tohara kinakatwa hadharani, si kitu cha kufichwa. Alitaka nimwombe dokta aongeze kidogo. Nilimpa vipande vya jiwe lake ndani ya chupa ya penisilini, na hapo ndipo alipotulia. Nasikia aliizungusha ile chupa kwenye vyungu vyote vya pombe ya malwa vya Malukhu, na watu walikuwa wanatoa mirija mdomoni ili kutazama. Tangu hapo simpi mgonjwa pole kabla ya kumpa jiwe lake.

Aliyenifundisha kazi Mbale ni mkuu wa thieta, Bwana Wandera, Msamia aliyewahi kuwa mganga wa jeshi. Alikuwa mfupi, na koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama peke yake. Alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, naye aliitamka kila asubuhi akiwa amesimama kando ya sufuria ndefu ya kuchemshia vyombo.

"Kitu nakwenda ndani ya mtu," alisema, "kwanza nakwenda ndani ya maji ya moto. Dakika ishirini. Hata dokta, kama angetosha sufuria, mimi nachemsha."

Nilimpenda yule mzee. Alinifundisha kukunja gauni, kuhesabu pamba, kusimama saa sita bila kuegemea ukuta. Nilipohamia Jinja kumfuata mume wangu, tukapanga nyumba Mpumudde, nikapata kazi katika hospitali ndogo ambayo sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu na si la jengo. Nilikuwa peke yangu mwenye kujua mambo ya mawe, basi nikajiona bingwa. Kumbe Mbale darubini ilikuwa inashikwa na msaidizi wa Dokta Lubega mwenyewe, mimi sikuwahi hata kuiosha.

Sasa, Sajenti Okiror. Alikuwa sajenti wa magereza, mtu wa Teso, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Figo yake ya kushoto ilikuwa imeshatolewa miaka ya nyuma. Ya kulia, hiyo moja aliyobaki nayo, ilikuwa imejaa jiwe la matawi, na vipimo vya damu vilionyesha inaanza kushindwa. Mashine ya kusafisha damu haikuwapo kwetu huku. Kumpasua kwa njia ya zamani, daktari wetu aliogopa, kwa sababu figo ikivuja sana inabidi itolewe, na huyu hakuwa na nyingine. Kwa hiyo tundu la Dokta Lubega ndilo lililokuwa tumaini lake, na Dokta alikuwa na siku tano tu.

"Sista," Sajenti aliniambia siku aliyolazwa, "ile ingine walitoa. Mimi iko na hii moja tu. Muchunge hii kama funguo ya geti."

Mke wake, Mama Stella, alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, anamenya machungwa ambayo hakuna aliyeyala. Alinishika tu ukingo wa aproni, akauachia.

Masanduku yalitangulia na dereva. Dokta Lubega alikuwa ameniachia maagizo kwa simu: darubini ilowekwe kwenye dawa, ile kali inayochoma macho, kisha isuuzwe kwa maji safi, basi. Niliiloweka. Niliisuuza. Nikaitazama, na moyo wangu haukutulia. Dawa tu? Kwa mtu mwenye figo moja? Mimi, mwanafunzi wa Wandera? Nikawasha jiko, nikaiweka kwenye sufuria, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Nikafurahi. Nilikuwa nimefanya zaidi ya nilichoagizwa.

Asubuhi ya operesheni niliiinua kuelekea dirishani nikaweka jicho. Niliona maziwa. Nikaifuta, nikaitazama tena. Maziwa. Maji ya moto yalikuwa yameachanisha vile vioo vidogo vya ndani na mvuke ukaingia kati yake. Wodini nilimsikia Sajenti, amefunga tangu jana, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kiteso ili asisikie njaa.

Nitawaambia nilichowaza, na sijivunii. Niliwaza dereva. Barabara ilikuwa na mashimo, na kitu cha kioo kikirushwa rushwa kinaweza kufanya lolote. Nani angejua? Nilisimama pale na uongo wangu umeiva kabisa. Kisha nikawaza kwamba Dokta akiamini ni mashimo, kesho ataleta nyingine, na mtu mwingine kama mimi ataichemsha. Nikatoka nikaenda kumwambia.

Dokta Lubega alikuwa Mganda wa kuogopa Kiswahili. Kilimkumbusha vizuizi vya barabarani enzi za wanajeshi, akawa anakichagua neno neno. Alipokea darubini, akaielekeza dirishani, akatazama.

"Bannange," akasema, yaani jamani kwa Kiganda. "Ulichemsha dakika ngapi?"

"Ishirini, Dokta."

"Basi," akasema, "ni safi."

Hakuna matusi ambayo yangeniumiza zaidi. Nililia pale pale mbele ya watu wa maabara. Akaningoja nimalize, kisha akauliza kama najua mahali penye darubini ya kutazamia kibofu, maana hiyo ingetosha kwa shida. Nilijua. Ilikuwa Mbale, ndani ya kabati la Bwana Wandera, na ufunguo wa kabati hilo alikuwa anauvaa shingoni. Simu ya Mbale haikuita. Nikapanda gari la hospitali na dereva yule yule niliyetaka kumsingizia, nikashindwa kumtazama usoni mpaka tulipopita Iganga.

Bwana Wandera nilimkuta kando ya sufuria yake.

"Akello! Nakuja hapa na uso ya msiba. Nani nakufa?"

"Bado, Mzee. Lakini atakufa kama hunipi darubini."

Nikamweleza yote. Nilitegemea anikaripie. Badala yake aliutoa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akatoa darubini iliyofungwa ndani ya nepi safi ya mtoto. Nikanyoosha mikono. Akanipita, akaenda mpaka kwenye gari, akaketi nayo mapajani.

"Wewe mimi hapana patia," akasema. "Naenda mimi mwenyewe."

Tuliondoka Mbale. Mahali fulani katikati ya mashamba ya mpunga akaanza kuongea, akitazama mbele.

"Akello, hii ni ya pili. Kulikuwa na ingine. Nilichemsha."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Wewe, Mzee?"

"Mimi. Dakika ishirini. Ikakuwa nyeupe. Nikazika nyuma ya thieta, karibu na migomba."

"Na mbona hukunifundisha? Miaka yote ile kando ya sufuria!"

"Nilifundisha wewe kila kitu mimi najua vizuri," akasema. "Sasa ile mimi niliharibu, nitafundisha namna gani?"

Nilikasirika, jamani. Nilikasirika kwa sababu neno moja la mzee huyu lingemwepushia Sajenti siku nzima ya kufunga na mateso. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile mimi nami nilikuwa tayari kuifukia yangu. Dereva akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapunguza mwendo, na sisi tukamfuata, watu wawili wa thieta na darubini ya kwenye nepi.

Kesho yake Sajenti alilala kifudifudi mezani. Bwana Wandera alivaa gauni na kusimama upande wangu, na darubini ililowekwa kwenye dawa, ikasuuzwa, na sufuria ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kana kwamba imefiwa. Tundu lilipatikana kwa jaribio la pili la sindano. Waya niliushika mimi. Maji yakaanza kumwagika, jiwe likaanza kugongwa, na vipande vikaja, vya manjano na kahawia.

Hapa kuna jambo moja ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. Tulikuwa tunalaza picha ya eksirei kwenye meza ya taa, tunaifunika nailoni, na kila kipande kikitoka ninakiweka juu ya kivuli chake. Unalijenga upya jiwe lile lile, nje ya mtu. Likijaa, umemaliza. Saa mbili na nusu baadaye Dokta Lubega alinyoosha mgongo, akasema haoni kitu tena, tufunge.

Nikatazama picha. Tawi la chini lilikuwa wazi. Palikosekana kipande cha ukubwa wa haragwe.

Mimi ndimi niliyeharibu darubini. Leo nimwambie dokta bingwa hajamaliza? Nikamtazama Bwana Wandera, naye alikuwa anatazama pale pale ninapotazama, jasho linamtoka, na nikajua kwamba hatasema.

"Dokta," nikasema, "kipande kimoja hakipo."

"Labda kilitoka na maji."

"Maji yote nimeyachuja kwa chujio la chai. Hakimo."

Alichoka, niliona mabega yake yalivyoshuka. Angeweza kuniambia ninyamaze. Aliinama tena, akaweka jicho. Tulisimama ndani ya maji, sijui dakika ngapi. Kisha koleo likaingia na kutoka, na kwenye ncha yake kulikuwa na haragwe letu. Lilikuwa limejibanza kwenye mlango wa figo, mahali mkojo unapotokea. Lingeziba figo ile moja kama kizibo cha chupa. Nikaliweka kwenye picha, likatoshea.

Mnafikiri ndiyo tulimaliza? Tulimwachia Sajenti mrija mgongoni, na mkojo ukatoka humo, mwekundu, kisha wa waridi, kisha wa manjano. Siku ya tatu baada ya operesheni, asubuhi, siku ya tano na ya mwisho ya Dokta, tukaubana ule mrija. Sasa figo ilitakiwa ipitishe mkojo kwa njia ya Mungu. Ikikataa, maumivu na homa vingerudi, na Dokta hangekuwapo.

Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Sajenti alikunywa maji mpaka tumbo likalia. Saa tano akasema anahisi kitu, lakini hawezi kukojoa akitazamwa, yeye si ng'ombe. Tukavuta pazia. Tukampa ndoo ya bati. Nje ya pazia tulibanana Dokta Lubega na mkoba wake begani, Bwana Wandera, askari magereza wanne waliokuja na yunifomu, na Mama Stella, ambaye alikuwa ameninyakua mkono na kucha zake zimezama kwenye ngozi yangu.

Kisha tukasikia tone kwenye bati. Kisha jingine. Kisha ikaja sauti ndefu, ya nguvu, kama mtu anayejaza mtungi bombani. Mama Stella akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Masese. Askari wakagonga visigino. Bwana Wandera akajikalia sakafuni na koti lake jeupe. Nikachukua jagi la kupimia, nikashika pazia ili niingie.

"Bado, Sista!" Sajenti akanguruma kutoka ndani. "Hapana ingia! Bado iko nakuja!"

Basi nikasimama pale nje, na jagi mkononi, nalia kama mtoto, nikingoja amalize.